Mtoto wa Trekta

Waliompa jina ni watoto wa Lupiro. Siku tunamshusha kutoka kwenye lori, kiti bado kina nailoni ya kiwandani, walimzunguka kimya kimya kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Kisha kimoja, kitoto cha miaka saba hivi chenye kaptura iliyofungwa kiunoni kwa kamba ya katani, kikatoa hukumu: "Huyu mtoto wa trekta. Hajakua." Makaratasi ya ofisini yaliendelea kuandika "pikipiki ya magurudumu manne". Sisi wengine wote, hata mkuu wa mradi siku akisahau kwamba ni mkuu, tukashika la watoto.

Nilikabidhiwa mimi kwa sababu moja tu. Kwenye barua ya kuomba kazi nilikuwa nimeandika kwamba najua kuendesha pikipiki. Na kweli nilijua. Niliweza kuitoa Mbagala Rangi Tatu mpaka Kariakoo nikipenya katikati ya daladala bila kugusa kioo cha mtu. Hakuna aliyeniuliza kama najua tope.

Kazi yetu ilikuwa mbu. Mradi ulitaka kufahamu ni mbu wa aina gani wanaowauma watu wa bonde la Kilombero, saa ngapi wanauma, na wanazaliwa kwenye maji yapi. Vijijini, Lupiro, Minepa, Kivukoni, hilo halikuwa na shida: jioni unatundika mtego wa taa pembeni ya chandarua, asubuhi unakwenda kuhesabu waliomo. Shida ni kwamba masika yakishika, wenye nyumba hawapo. Wamehamia shambani. Mpunga wa bonde haulimwi kwa mbali. Una ndege wa kufukuzwa, una maji ya kuangaliwa, na usiku una wanyama. Basi familia nzima inafunga mlango, inabeba sufuria na kuku, inakwenda kukaa miezi kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyonyanyuliwa juu ya maji. Mbu nao hawabaki kijijini kulinda nyumba tupu.

Anayelijua bonde lile kwa kiangazi tu analijua nusu. Kiangazi ni uwanda wa majani, vumbi, na mistari ya ng'ombe. Ikifika Machi, mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande wa pili inajaa kwa pamoja, na Kilombero wenyewe unaziacha kingo zake na kulala popote unapotaka. Ni ardhi oevu ya karibu kilomita za mraba 8,000, imo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2002, na maji yake ndiyo yanayokwenda kukutana na ya Luwegu ili Rufiji uanze kuitwa Rufiji. Land Cruiser yetu ya mkonga, ambayo barabarani ilipita kila mahali kwa madaha, ilikuwa inaishia kwenye tuta la mwisho. Pikipiki ya kawaida ilizama mpaka kwenye mnyororo. Mtumbwi ulifaa palipokuwa na kina, lakini nusu ya njia ilikuwa tope lenye maji ya kifundo cha mguu, na mtumbwi kwenye tope ni gogo la kukokota. Ndiyo maana akaletwa Mtoto.

Nikiri kwamba nilimpenda. Mtu asiyewahi kuketi juu ya mashine ile atadhani nguvu yake iko kwenye injini, kumbe iko kwenye matairi. La gari dogo hujazwa upepo 30. La Mtoto, upepo 5 tu. Ukilibonyeza kwa dole gumba linaitikia kama embe dodo lililoiva. Mashine ina kilo karibu 280 bila mtu, lakini uzito huo umetandazwa juu ya manne mapana, laini, yenye meno marefu, kwa hiyo tope linalommeza ng'ombe lilikuwa linambeba yeye. Wajapani ndio walioanza mchezo huu. Honda walitoa ya magurudumu matatu mwaka 1970, yenye matairi yaliyovimba kama maboya. Wamarekani wakaipenda, ikawapindua, ikawapindua tena, mpaka mwaka 1988 uuzaji wa mpya za matatu ukakoma kwao. Mapema miaka ya 1980 Suzuki walikwisha kuongeza gurudumu la nne, na mwaka 1986 Honda wakatoa yao ambayo injini inasukuma yote manne. Wakulima na wafugaji wakaichukua. Baadaye ikafika kwa wahesabu mbu.

Kuhusu kusukuma yote manne, kuna jambo moja ambalo mtu wa mjini halielewi mpaka akwame. Difu, kwa tabia yake, hupeleka nguvu kwa gurudumu lisilo na kazi. Moja likiwa linateleza kwenye ute, hilo hilo ndilo linalozungushwa, na lenzake lililoshika ardhi linakaa bure linatazama. (Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi zenye difu ya namna hiyo.) Mpaka ubonyeze kitufe cha kufunga difu ndipo yanalazimika kuzunguka pamoja, mvivu na mchapakazi. Mtoto alikuwa na kitufe hicho, chekundu, chini ya dole gumba la kushoto. Nilikipenda kama mtu anavyopenda kitambulisho.

Aliyenifundisha tope ni dereva wetu wa mkonga, mtu wa Mahenge, tukimwita Mjomba. Hakuwahi kupanda Mtoto hata siku moja. Alisema yeye hawezi kukaa juu ya kitu kisicho na mlango. Lakini alikuwa amesukuma malori masika zaidi ya 20, na alinifundisha kwa maneno machache akiwa amekaa kwenye boneti anakula karanga. Weka fowili ukiwa bado mkavu, usingoje uwe ndani. Ingia taratibu, ukishaingia usisimame. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, achia mafuta hapo hapo, maana kila mzunguko wa bure ni jembe unalojichimbia. Simama kwenye vikanyagio, egemea unakotaka kwenda. Mguu usiushushe chini hata ukihisi unapinduka, utavunjika. Na siku moja, akimtazama Mtoto kwa jicho la mtu anayeangalia mkwe asiyemtaka, akasema: "Mimi nikikwama nakwama barabarani, naonekana. Wewe utakwama pale ambapo hata mbwa hapiti."

Nilicheka. Wiki sita za mwanzo sikukwama hata mara moja, na hizo wiki sita ndizo zilizoniharibu. Nilianza kwa kushuka kila palipo na maji na kupima kwa mti. Wiki ya pili nikawa napima kwa macho. Kufikia wiki ya nne nilikuwa napima kwa kumbukumbu, yaani kwa kusema moyoni, jana nilipita. Vijana wa madungu walikuwa wanasikia mlio wangu kutoka mbali wanakuja kukaa juu ya matuta kunitazama navuka, na mtu akishatazamwa hivyo hashuki tena kupima maji.

Ilikuwa mwisho wa Aprili 2011. Nilikuwa narudi na kasha la barafu lenye vikombe vya karatasi, ndani yake mbu wa usiku mzima kutoka madungu kumi, na saa kumi alasiri nikakuta njia yangu ya asubuhi haipo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, si kwetu. Maji yalikuwa yamepanda kimya kimya kwa jua kali. Nikazunguka upande wa matete kutafuta pengine, na hapo nikaiona: njia. Mifuo miwili sambamba imepita katikati ya matete, katikati yake mgongo wa majani mafupi, upana kama wa gari. Nikasema, kumbe kuna Land Rover hupita huku. Tena mtu wa gari zito kuliko mimi. Kilichombeba yeye kitashindwaje kunibeba mimi?

Nikaingia. Mita 20 za mwanzo zilikuwa safi, chini pagumu, maji yanapiga vikanyagio. Kisha yakafika kwenye kiti. Nikahisi kitu ambacho Mjomba hakuwahi kunifundisha kwa sababu lori halifanyi hivyo: magurudumu yakaacha kushika chini na Mtoto akaanza kuelea. Matairi yale yaliyokuwa fahari yangu yaligeuka kuwa maboya kweli. Usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Upande wa nyuma ukasogea kushoto taratibu, tena kwa upole, gurudumu moja la mbele likatumbukia kwenye mfuo, na pua ikazama. Injini ilikohoa mara mbili. Halafu nikasikia vyura.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye stata. Nikauondoa. Hilo ndilo jambo la akili nililolifanya siku ile, na hata hilo nililifanya kwa hofu ya Mjomba. Injini iliyomeza maji haiwashwi. Hewa hubanwa ndani ya silinda, maji hayabanwi. Ukilazimisha, kinachopinda ni konrodi. Nikakumbuka winchi. Mtoto alikuwa na winchi mbele, ina waya wa kutosha, ina ndoano inayong'aa ambayo haijawahi kutumika. Nikaifungua, nikashuka kwenye maji ya kifua, nikaikokota ile ndoano nikitafuta cha kuifunga. Pande zote matete. Mti wa karibu ulikuwa labda mita 300, kivuli cheusi dhidi ya milima. Nikasimama na ndoano mkononi kama mvuvi aliyesahau chambo. Simu ilikuwa mfukoni, yaani majini.

Saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nimepanda juu ya kiti na kasha la mbu nimelipakata, ukatokea mtumbwi. Mzee mmoja amesimama nyuma anasukuma kwa upondo, bila haraka. Akasogea mpaka akawa karibu, akaushika mtumbwi kwa kuchomeka upondo chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamsubiri nani?"

"Nimekwama, babu."

"Hilo naliona. Nauliza unamsubiri nani. Maana mwenye njia anatoka sasa hivi."

Sikumwelewa. Akaonyesha kwa kidevu ile mifuo miwili. Kiboko, akasema, miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana. Anapita hapo hapo kila usiku kwenda kula, alfajiri anarudi, mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo anachimba mitaro miwili na katikati anaacha mgongo. Mgeni akiiona anadhani ni ya gari. "Hata mwaka ule wa jana," akaongeza, "alikuja mwingine na baiskeli." Kilichompata yule wa baiskeli hakukisema, nami sikuuliza.

Nikampa kasha kwanza. Akalipima mkononi. "Ndani kuna nini?"

"Mbu, babu."

Akanyamaza kidogo. "Unawapeleka wapi? Kwani huko kwenu hawapo?"

Usiku ule nililala kwenye dungu lake, pamoja na mkewe, binti yake na wajukuu wanne, vyandarua viwili. Walinipa wali wa mpunga mpya na kambale wa kuchoma, na nafasi ya ukingoni ambako neti ilikuwa na tundu linalopitisha ngumi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye fomu mtu wa shambani anaumwa mara ngapi kwa saa. Usiku ule sikuhitaji fomu. Chini yetu, kati ya saa nne na saa tano, tulisikia maji yakisukumwa na kitu kikubwa kinachotembea bila wasiwasi, kikasimama, kikapumua kama tairi linalotolewa upepo, kikaendelea. Siku 12 baadaye nilikuwa kitandani na malaria, nameza dawa ya mseto, na wenzangu ofisini wanauliza kama niingizwe kwenye takwimu.

Kabla ya kulala yule mzee alinifundisha kitu kwa upondo wake. Hakukusudia kufundisha, nilimuuliza tu alijuaje pa kusimamisha mtumbwi. Akauchukua mti ule, ncha yake imelowa bado, akanisogezea puani. Unanusa? Ulinuka majani yaliyooza. Hapo usikanyage, akasema, hapo hapana chini. Kisha akauchoma upande wa pili wa dungu, akauvuta polepole ili niuone mkono wake. Ulitoka kwa kigugumizi, kama mtu anayeng'ang'aniwa shati, na nchani ukabeba donge jeusi linalometameta. Huo mfinyanzi, unapita ukipita haraka, ukisimama unakuwa wake. Akauchoma mara ya tatu mbele kidogo, na nikasikia mkwaruzo kabla hajasema. Mchanga. Yote hayo yalikuwa ndani ya hatua tano kutoka ngazi ya dungu lake, chini ya maji ya rangi moja, yenye kung'aa kwa namna moja. Mimi kwa wiki sita nilikuwa nasoma uso wa maji.

Kulipokucha walikuja wanaume tisa. Tulisukuma, tukakata matete tukatandika chini ya magurudumu, tukainua pua kwa mti, na Mtoto alisogea kiasi cha kutupa matumaini halafu akarudi. Mwishowe kijana mmoja akapiga mbio kwenda kwa jirani wa Kisukuma aliyekuwa amehamia upande wa pili na mifugo yake, akarudi na maksai wanne na mnyororo wa jembe. Nao hawakufanya haraka. Waliegemea nira, mnyororo ukanyooka, ukalia, na mashine yenye difu ya kufunga kwa kitufe chekundu ikatoka kinyumenyume kwenye maji, ikavutwa juu ya tuta, ikavutwa tena mpaka kwenye ardhi ngumu nyuma ya mashamba. Watoto walikuwa wamejipanga. Kile cha kamba ya katani kilikuwepo, kwani familia yake nayo ilikuwa imehamia huko, na ndicho kilichopiga kelele ya kwanza: "Mtoto kaja kuchukuliwa na babu yake!"

Fundi alitoka Ifakara. Daraja la Magufuli halikuwepo enzi zile, Kilombero tulivuka kwa kivuko, na alifika kesho yake mchana akiwa na spana ndani ya mfuko wa rambo. Tukamsimamisha Mtoto wima kwa makalio, pua juu, ekzosi ikamimina maji kama birika. Sponji ya kuchuja hewa ilikamuliwa kama kitambaa cha kudekia. Fundi akafungua plagi, akaniambia bonyeza stata sasa, na maji yakaruka kutoka kwenye lile tundu yakampiga kifuani akiwa ameshaanza kucheka. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Tuliimwaga, tukaweka nyingine, tukawasha dakika mbili, nayo ikatoka chai, nyepesi kidogo. Ya tatu ndiyo iliyobaki na rangi yake. Oili ya difu ilikuwa chai pia. Nilijifunza siku ile kwamba maji yakiingia kwenye mashine hayatolewi mara moja. Unayatoa kwa awamu, kama deni.

Ambalo silisimulii nikiwa na watu wa mashine, kwa sababu wao hupenda kuishia kwenye chai ya maziwa, ni mama mmoja aliyekuja wakati fundi anafunga bolti za mwisho. Alikuwa amesimama pembeni muda mrefu na jembe begani. "Baba," akaniambia, mimi mtoto wa kumzaa, "jaruba langu umelikata." Nikamfuata. Maksai walipomvuta Mtoto, magurudumu yamefunga, walikuwa wamepita juu ya kona ya shamba lake. Tuta lilikuwa limekatwa mahali pawili, upana wa tairi, na maji ya mpunga wake yalikuwa yanatoka taratibu kufuata mifuo yangu kwenda kwa jirani. Mpunga wenyewe ulikuwa umelala, umesukwa ndani ya udongo. Aliutazama bila hasira. Alitaka kujua tu nani anarudisha tuta. Nilirudisha mimi, kwa jembe lake, vibaya, naye akanifuata nyuma akirekebisha. Nililipa na hela, lakini hela ilikuwa rahisi kuliko lile tuta.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kushuka. Nimeendesha mashine za namna ile kwa miaka mingine tisa, kwenye mabonde mengine na miradi mingine, na kila penye maji nisiyoyajua nimezima, nimevua viatu, nimevuka kwa miguu na mti mkononi, nikarudi, ndipo nikawasha. Inachosha. Wenzangu walinitania kwamba natembea njia mara tatu na kuiendesha mara moja. Kichocho? Ndiyo, vidonge vyake nimemeza. Vijana wanaoletwa kwangu wajifunze nawanyang'anya ufunguo siku ya kwanza, nauweka mfukoni, nawaambia wavuke kwanza wenyewe. Mmoja, wa Mbagala kama mimi, alirudi ng'ambo ameloa mpaka kwapani akaniuliza kama ni hivyo mashine ya kazi gani. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ya kubebea kasha.

Na kila ninapoiona mifuo miwili mahali, nauliza kwanza ya nani.

Wiki ya tatu ya Mei, baada ya kupona, nilirudi kule kwa kazi ya viluwiluwi. Maji yalikuwa yameanza kushuka. Kazi hii ndiyo ya polepole kuliko zote: unatembea na kata nyeupe ya plastiki ya mililita 350, kila penye maji yaliyosimama unachota, unahesabu, unajaza fomu. Yule mbu anayependa ukulima wetu hataki mto wala bwawa kubwa. Mle kuna samaki wa kumla angali mchanga. Anataka dimbwi dogo, jipya, la wazi, lililopigwa jua, lisilo na samaki. Fomu yetu ilikuwa na orodha ya madimbwi hayo kwa namba: kwato za ng'ombe, mashimo ya tofali, mitaro ya bustani. Namba 4 ilikuwa alama za magurudumu. Nilikuwa nimeitia tiki mara nyingi, kwenye mifuo ya malori ya watu wengine.

Nyuma ya mashamba, kwenye ardhi ngumu walikoachia maksai, mifuo ya Mtoto ilikuwa bado ipo, imekatika vipande vipande, kila kipande na maji yake ya vuguvugu. Sikuhitaji kupima tairi. Meno yake yalikuwa yamechapwa ubavuni kama mhuri. Nikachuchumaa, nikainamisha kata ili kivuli changu kisiangukie maji, nikachota. Wakatulia juu ya plastiki nyeupe, wembamba, wamelala sambamba na uso wa maji kama wanavyolala wale wa malaria peke yao. Wale wengine hujining'iniza kichwa chini. Nikahesabu 11. Kata ya pili, 14. Nikahama kipande cha pili.

Kitoto cha kamba ya katani kilikuwa kimenifuata tangu kwenye tuta, kimeshika mti wake kama upondo. Kilichungulia ndani ya kata, kikaangalia mifuo, kikaangalia kata tena.

"Kumbe," kikasema, "ameshazaa."